Mwanya wa Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi inapita.
Saa sita mchana inaanguka.
Mahali ni palepale, kwenye kona ya mndimu,
hatua nne kutoka kinapodondoka kiyoyozi,
hapa Al-Khoudh, uani kwa marehemu Humeid,
fundi mabomba wa miaka thelathini
aliyejijengea reli mtaani pasipo stesheni.

Kichwa cha treni nakibeba kwa mikono miwili,
kama mtoto aliyelala akanenepa usingizini.

Mwanzo nililaumu kila kitu.
Jirani yangu Thuwaiba alisema ni kijicho.
Ghalib, mtoto wa kaka yangu, alisema ni kasi:
"Shangazi, unaikimbiza kama unawahi ndege."
Nikapunguza hadi sisimizi wakaipita.
Ikaanguka polepole.

Humeid alikuwa na kanuni,
akiisema huku anapuliza kahawa:
behewa moja likianguka kila mahali, lishike behewa;
yote yakianguka mahali pamoja, ishike njia.
Hakusema lolote juu ya mtu aliyepata yote mawili.

Basi kwanza behewa la tatu, lile la tangi, la buluu.
Nikalipindua tumbo juu kama kasa,
nikapima magurudumu mgongo kwa mgongo.
Ekseli ya mbele yamesogeleana, unene wa ukucha.
Nikayavuta huku nayazungusha,
nikapima, nikavuta, nikapima,
nikafuta kwa spiriti utando mweusi wa kingoni,
nikalitia nati sita tumboni, maana jepesi huyumba.
Likazunguka uani bila kosa,
isipokuwa pale.

Pale nikalala kifudifudi,
mwanamke wa miaka sitini na moja,
mtandio umejaa vumbi, shavu juu ya taruma,
jicho moja nimelifumba.
Ukiwa umesimama, kila njia imenyooka.
Nikaweka pimamaji: povu limetulia katikati.
Maji ya kiyoyozi hayana hatia.
Kokoto zimeshika. Mataruma yameshika.
Asubuhi ile sikuona kitu.

Nikarudi baada ya adhuhuri,
nyuzi arubaini na saba, kokoto zinachoma viwiko,
na reli ilikuwa imetoa ubavu
kama mtu aliyeficha mkate ndani ya kanzu.
Shaba imerefuka kwa joto, haina pa kwenda.
Viungo vimebanana ncha kwa ncha,
hata unywele haupiti.

Hapo nikamkumbuka kijana niliyemlipa Februari
aturudishie njia baada ya mvua.
Kazi yake ilikuwa safi mno.
Kila penye mwanya aliona aibu, akaufunga.
Nami nilimsifu.
Nikamwongeza riali mbili.

Kwenye saraka ya Humeid, chini ya tupa,
kulikuwa na sarafu ya baiza hamsini
iliyozungushiwa plasta,
na mwandiko wake wa haraka:
*Januari iingie. Agosti isiingie.*
Mwaka mzima nilidhani ni sadaka aliyoisahau.
Mara mbili nilitaka kumpa mtoto wa jirani.

Ghalib alikata kwa msumeno mwembamba,
unene wa sarafu, basi, si zaidi.
Nikalainisha ncha kwa tupa
hadi kidole changu kikapita bila kukwaruzwa.
Reli ikavuta pumzi. Ubavu ukarudi ndani.
Nikajaribu sarafu: haikuingia.
Vizuri. Ndivyo alivyoandika.

Alfajiri, reli zikiwa bado baridi,
niliiwasha kabla ya chai.
Ilipofika kwenye mndimu ikasema *tak*,
halafu *tak* tena, gurudumu moja baada ya jingine,
na hapo ndipo nilipojua
kwamba tangu Februari uani kulikuwa kimya,
na mimi nilidhani kimya kile ni cha kufiwa.

Mabehewa manne yamepita.
La tano nalo.
La tatu, lile la buluu, limeangukia mlangoni,
mahali papya kabisa.
Hilo nitalipindua kesho.